Je, Asiyekula Nyama Ale Uyoga?

Mvua zinaponyesha katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, huja na vyakula vitatu visivyolimwa wala kufugwa: senene, kumbikumbi na uyoga. Kijana aliyeacha nyama kwa ajili ya afya, kwa kuwahurumia wanyama, au kwa imani kama wafanyavyo baadhi ya Waadventista wa Sabato, hapati shida na viwili vya kwanza. Senene na kumbikumbi ni wadudu, na wadudu ni wanyama, kwa hiyo anawaacha. Uyoga je? Wapo wanaosema ni mboga kama mchicha. Wengine husema ni nyama, kwa sababu hauna majani, mchuzi wake una ladha ya nyama, na mwalimu wa baiolojia amekwisha kusema kuwa si mmea.

Maoni yangu ni kwamba uyoga unamfaa asiyekula nyama, lakini usipewe nafasi ya maharage katika sahani yake. Sehemu ya kwanza ya kauli hii inahusu maana ya maneno. Sehemu ya pili inahusu afya, na ndiyo yenye uzito zaidi.

Tuanze na maneno. Katika Kiswahili cha nyumbani, "mboga" ni chochote kinacholiwa pamoja na ndizi au ugali. Ukimuuliza mama mboga ya leo ni nini, anaweza kukujibu maharage, dagaa au nyama. Kwa hiyo tukimwita mtu "mla mboga" hatujamtofautisha na yeyote. Jina linalomfaa ni "asiyekula nyama", kwa kuwa linamtambulisha kwa kile anachokiacha. Jambo hili si geni kwetu. Koo za Kagera zina miziro yake, na mwanaukoo hujulikana kwa kile asichokula, huku vyakula vingine vyote vikiwa wazi kwake. Huko Uingereza nako, chama cha wasiokula nyama kilichoanzishwa mjini Ramsgate mwaka 1847 kilikuwa na lengo la kuwafanya watu waache nyama. Swali la kuuliza, basi, si kama uyoga ni mmea. Swali ni kama uyoga ni nyama ya mnyama.

Hapa baiolojia inatusaidia. Carl Linnaeus, katika kitabu chake cha mwaka 1753, aliuweka uyoga pamoja na mimea. Mwaka 1969 Robert Whittaker alipendekeza himaya tano za viumbe hai, na fangasi wakapewa himaya yao. Sababu zake unazijua. Uyoga hauna klorofili, kwa hiyo haujitengenezei chakula kwa usanisinuru. Kuta za seli zake zina kitini, si selulosi. Chakula cha akiba huhifadhiwa kama glaikojeni, si wanga. Mtahiniwa anayeandika kwamba uyoga ni mmea anapoteza alama.

Mpinzani anaweza kuzigeuza hoja hizi dhidi yangu. Atasema kitini hicho hicho kimo katika gamba la senene, na glaikojeni hiyo hiyo imo katika ini la ng'ombe. Je, uyoga si ndugu wa wanyama? Ni kweli kwamba wanasayansi wa leo wanawaona fangasi kuwa karibu zaidi na wanyama kuliko mimea. Hata hivyo, ukaribu haumfanyi jirani kuwa mwenye nyumba. Uyoga hauna damu, misuli wala neva, na anayeuchuma hachinji kitu. Isitoshe, asiyekula nyama hakuahidi kula mimea peke yake. Anatia chumvi, na chumvi si mmea. Anakula mkate na maandazi yaliyoumuliwa kwa hamira, na hamira nayo ni fangasi. Anayekataa uyoga kwa sababu si mmea akatae na mkate.

Pingamizi jingine linahusu uyoga unaoota kwenye vichuguu. Mchwa hukusanya majani makavu na vipande vya miti, kisha huotesha juu yake fangasi inayowasaidia kumeng'enya chakula hicho kigumu. Mvua inaponyesha, fangasi hiyo hutoa uyoga juu ya ardhi. Hata hivyo, kuuchuma uyoga ule si kumla mchwa, kama vile kula ndizi si kumla mkulima wa ndizi.

Hadi hapo uyoga umeshinda. Kosa linakuja pale mtu anapoacha nyama, akaambiwa kuwa uyoga "ni nyama tosha", naye akaridhika. Gramu 100 za uyoga mbichi zina takribani gramu 90 za maji, na protini yake ni kama gramu 2 hadi 4 tu. Gramu 100 za maharage yaliyochemshwa zina protini ya gramu 8 au zaidi. Ndizi za kupika zina protini ya gramu 1 hivi. Sahani ya ndizi na uyoga hujaza tumbo bila kuujenga mwili. Kagera ni mkoa wenye chakula kingi, lakini umekuwa miongoni mwa mikoa yenye udumavu mkubwa wa watoto. Hali hiyo inatufundisha kwamba kushiba na kulishwa vizuri ni mambo mawili tofauti.

Kwa sababu hiyo, mlo wetu wa ndizi na maharage usivunjwe. Uyoga uongezwe juu yake, kwani una vitamini za kundi B na potasiamu, na ukianikwa juani hupata vitamini D. Msichana anayepoteza damu kila mwezi anahitaji madini ya chuma, na akiwa hali nyama ayapate kwenye maharage, akila pamoja nayo chungwa au pera ili mwili uyafyonze vizuri. Vitamini B12 haimo kwenye maharage, na kwenye uyoga ni kidogo mno. Ataipata kwenye maziwa na mayai. Asiyekula hata hivyo amuone mtaalamu wa afya.

Uyoga wa porini nao unahitaji tahadhari. Hakuna kipimo cha nyumbani cha kuaminika cha kutambua sumu. Konokono huweza kula uyoga unaomuua binadamu, kupika hakuondoi baadhi ya sumu, na dalili huweza kuchelewa saa 6 au zaidi, wakati ini limeanza kuharibika. Usiokote usioujua. Uyoga wa kulimwa, kama uyoga mamama, huoteshwa hata kwenye majani makavu ya migomba na mabua ya mahindi, vitu ambavyo kibanja chochote cha Kayanga au Nkwenda kinavyo.

Kwa kuhitimisha, asiyekula nyama ale uyoga bila wasiwasi wa dhamiri, mradi anaufahamu uyoga huo. Lakini kabla hajaukaribisha mezani, ahakikishe maharage yamekwisha kukaa.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mwandishi anapendelea "asiyekula nyama" badala ya "mla mboga"?
2. Taja mapingamizi mawili yaliyojibiwa katika makala hii, kisha eleza yalivyojibiwa.
3. Mwandishi anatumia hamira na chumvi kuthibitisha nini?
4. Andika aya moja ya kupinga maoni ya mwandishi.