Kanzu za wake wa wakubwa na jasho la machimbo

Juma iliyopita tulikuwa kwa fundi mmoja wa kushona, huku Mulongwe. Mama mmoja akaingia na telefoni mkononi. Bwana yake anachimba kule Misisi, ni yeye mwenyewe alisema. Kwenye telefoni kulikuwa picha ya bibi wa mkubwa mmoja wa Kinshasa amevaa kanzu ndefu ya sherehe, zile za kufagia chini, mabega wazi, kitambaa kinang'aa kama ndagala wanapotoka kwenye maji.

"Fundi, unishonee kama hii. Usibadilishe kitu."

Fundi akaangalia sana. "Mama, hii kitambaa huku hakuna. Itatoka mbali. Na pesa?"

"Bwana atatuma. Shimo likitoa, atatuma."

Shimo likitoa. Ninyi munaosoma ukurasa huu munajua neno hilo ni zito namna gani. Shimo linaweza kukaa mwezi mzima bila kutoa hata kichele kimoja. Linaweza pia kumeza watu. Na mama huyu alikuwa tayari kuweka mbele ya shimo deni la kanzu ya siku moja, ya ndoa ya mdogo wake, kwa sababu ya picha.

Hatuko hapa kumcheka. Uvira tunapenda kuvaa, tusidanganyane. Siku ya mungu utafikiri hakuna njaa katika mji huu. Tunataka kusema juu ya wale walio ndani ya picha. Tangu uhuru, wake wa viongozi wa nchi hii wamevaa mbele yetu, na kila utawala umetufundisha kitu kupitia nguo hizo. Somo lenyewe halijakuwa zuri.

Tuanze na miaka ya Mobutu, kwa sababu ni wakati huo Leta iliingia mpaka ndani ya sanduku la nguo. Mwaka 1971 nchi ikaitwa Zaire, 1972 majina ya ubatizo yakaondolewa. Wanaume wakakatazwa suti na tai, wakavaa abakosti. Wanawake wakakatazwa suruali, sketi fupi na nywele za bandia: kikwembe tu, kwa jina la "autantisite". Mama Mobutu, Marie-Antoinette, ambaye katika picha za miaka ya kwanza unamwona na kanzu za kizungu, naye akaingia kwenye kikwembe kama wengine.

Tuseme ukweli: kidogo hapo kulikuwa na kitu kizuri. Kwa mara ya kwanza bibi wa raisi na mama muuza samaki wa Kalundu walikuwa na mshono mmoja: libaya, vikwembe viwili, kitambaa cha kichwa. Mama wa kijiji aliweza kumwangalia mke wa raisi bila kuona haya ya mwili wake mwenyewe.

Lakini geuza kikwembe, usome pembeni. Kile cha heshima, kile ambacho bamama mpaka leo wanaita "hollandais", kilitoka Helmond, Uholanzi, kwa Vlisco, kampuni iliyoanza kazi 1846 na iliyojifunza michoro yake kwa kuiga batiki ya Java. Ni kusema, utamaduni wetu ulikuja kwa meli. Na sisi tulikuwa na pamba! Bonde la Ruzizi lililimwa pamba, wazee wa Luvungi na Sange waulizwe. Kalemie, kwenye ziwa hili hili letu, kulikuwa kiwanda cha Filtisaf, kinasokota na kufuma. Kinshasa ilikuwa na Utex, Kisangani ikawa na Sotexki. Kitambaa cha nyumbani wakavaa bamama wa animasyo, wale waliocheza juani na uso wa Mobutu kwenye kifua. Wenye cheo wakatafuta cha Uholanzi. Leo Filtisaf ni ukuta na kutu. Kiwanda kufa tunajua ni nini, Kiliba haiko mbali.

Marie-Antoinette alifariki Uswisi mwaka 1977. Tarehe 1 mwezi wa tano 1980 Mobutu akamwoa Bobi Ladawa, siku moja mbele ya Papa Yohane Paulo wa Pili kufika Kinshasa. Miaka iliyofuata ni ile ya Gbadolite, uwanja wa ndege ambao Concorde iliweza kutua, na manunuzi ya Paris na Brussels ambayo dunia nzima iliandika. Autantisite ilibaki kwa raia. Na ni katika miaka hiyo hiyo, 1982, Leta ilifungua mlango wa uchimbaji wa mikono: raia achimbe, ajitafutie. Artikle 15. Baba zenu wengi waliingia shimoni kwa mlango huo. Juu kitambaa cha hariri, chini mtu na koleo na taa ya mkononi, na kati yao hakukuwa hata zahanati.

Kuna picha moja ya mke wa kiongozi tunayoiweka mbele ya zote, na ndani yake hakuna kanzu. Mwezi wa pili 1961, nchi iliposikia kwamba Lumumba ameuawa, mjane wake Pauline Opango alitembea katika barabara za Léopoldville kifua wazi, kwa matanga, kama mwanamke wa kwetu anayelia bwana yake. Bwana aliuawa, hata maiti hakupewa. Alivaa uchungu wake mbele ya watu wote, na hakuna fundi wa Paris aliyeweza kushona kitu kama kile.

Wakati wa Mzee Laurent-Désiré Kabila kanzu hazikuonekana sana. Huyo tulimjua sisi wa Fizi na Uvira mbele ya Kinshasa: maki ya Hewa Bora, dhahabu inavuka ziwa usiku. Alipofika ikulu 1997 alipenda mashati ya mikono mifupi, na wanawake wa nyumba yake waliwekwa mbali na kamera. Mtoto wake Joseph alifunga ndoa na Olive Lembe tarehe 17 mwezi wa sita 2006, wiki chache tu mbele ya uchaguzi, na kanzu nyeupe ya bibi arusi ikaingia katika kila nyumba yenye televizyo. Mwaka ule msichana gani wa Uvira hakutaka kanzu nyeupe? Tunakumbuka ndoa zilizochelewa kwa sababu ya kanzu tu. Baadaye mama Olive alionekana mara nyingi na kikwembe, mara shambani, na hilo tunamhesabia.

Leo iko mama Denise Nyakeru, mzaliwa wa Bukavu. Ni mtoto wa Kivu, kwa hiyo tunasema naye kama dada. Dada, hatuna neno na rangi wala urefu. Tunauliza kitu kimoja: nani ameshona? Na ninyi wake wa magavana, wa mawaziri, wa wabunge, munaoshuka kwenye uwanja na kanzu ya kumetameta kuja kutupa pole ya mafuriko, tunawauliza vilevile.

Kwa sababu wengine wanajibu. Washington, kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian, kanzu za wake wa maraisi zimewekwa nyuma ya kioo zaidi ya miaka 100 sasa, na kila moja watu wanajua historia yake. Michelle Obama alipovaa kanzu nyeupe ya Jason Wu mwaka 2009, yule kijana fundi asubuhi yake alikuwa mtu mwingine. Dunia nzima ilimtafuta. Kanzu moja inaweza kumjengea fundi nyumba. Hatuendi hata mbali: ng'ambo ya Ruzizi, siku ya sherehe, bibi wa raisi wa Burundi na binti wa mkulima wa Cibitoke wote wanafunga imvutano. Bei ya kitambaa si moja, tunakubali, lakini binti wa Cibitoke haulizi deni ili afanane na mtu. Na Tanzania, mama Maria Nyerere alikaa miaka mingi kama mke wa raisi na kitenge chake na kilemba chake, na hakuna aliyesema alipungukiwa na heshima.

Kwetu dhahabu inatoka Misisi, Lubichako, Kamituga, inapita mikono mingi, nyingi yake inafika Dubai. Halafu kutoka Dubai kinarudi kitambaa chenye shanga za kung'aa, kinauzwa Bujumbura na Uvira kwa bei ya renge ambazo mchimbaji amekwisha kuuza kwa hasara. Mama twangaise wa Kamituga, yule anayetwanga mawe na vumbi linaingia kifuani, ananunua mara ya pili kile alichokitwanga.

Na kuna la mwezi wa tatu. Kila mwaka, tarehe 8 inapokaribia, mashirika na kazi nyingi wanatangaza kikwembe cha siku ya mwanamke, na mama asiyenunua anaonekana kama muasi. Ofisi moja ya mji huu, hatutaitaja, ilikata pesa kwenye mshahara bila kuuliza. Wake wa wakubwa wanakaa mbele, wameshonewa mitindo ya juu kwa kitambaa hicho hicho, na huku nyuma mama wa watoto 7 amesimama na deni begani. Sisi tunasema: anayelazimisha kikwembe akilipe. Na mke wa gavana akitaka kutuonyesha heshima mwaka huu, aje kwa mafundi wa Uvira mbele ya sherehe, apimwe kama watu wengine, alipe, na jina la fundi litangazwe kwenye redio. Mafundi wapo. Tumewahesabu 11 kwenye barabara moja tu, na masini 3 zilikuwa zimefunikwa kwa kukosa kazi.

Mama wa Misisi, fundi alimshauri mwishowe. Alichukua kikwembe kipya alichokuwa nacho nyumbani, akamkatia mshono wa ile picha, mabega yakafunikwa kidogo kwa sababu ya padri. Alilipa nusu. Nusu nyingine fundi ameandika kwenye daftari, na pembeni ameandika jina la shimo.