Bafle ya kujitengenezea si fujo

Hapa kwetu Kivu, wengine wanasema vijana wanaotengeneza mabafle wanaleta kelele tu. Mimi sikubali. Familia iliyokimbia vita haikubeba redio kubwa. Spika iliyotolewa kwenye gari bovu, mbao, amplifaya ndogo na betri ya volti 12 vinawarudishia muziki wa Franco, na habari pia. Hata Konono N°1 wa Kinshasa walikuza sauti ya likembe kwa sumaku za vipuri vya magari mabovu.

Shida si muziki, ni sanduku baya. Spika ikikaa wazi, sauti ya nyuma inakutana na ya mbele na besi inapotea. Ndipo mtu anapandisha volumu hadi jirani anakosa usingizi. Ziba sanduku pande zote, tia gundi kwenye viungo, weka vitambaa vya zamani ndani. Besi itasikika hata kwa sauti ya chini.

Turubai si ukuta. Jirani yako ana mtoto mchanga, ama anasikiliza kama kuna hatari usiku. Basi wazazi, msiwanyang'anye vijana spika. Waombeni wazibe sanduku vizuri, na saa tatu usiku wazime.