Asiyekuwepo na Lake Halipo



Mpenzi msomaji, kila mwaka tangazo la kaunti hubandikwa ukutani mwa ofisi ya wadi, wananchi wakaalikwa kutoa maoni kuhusu bajeti au mswada wa fedha. Siku ikifika, saa nne asubuhi, wanaohudhuria ni wale wale: wazee kadhaa, vijana walio karibu na mwakilishi wa wadi, na wachache wenye nafasi. Mama aliyeamka alfajiri kuchoma mahamri yuko sokoni. Mvuvi yuko baharini. Kijana wa kiti cha magurudumu hawezi kupanda ngazi za ukumbi. Mpangaji aliyehamia mtaani juzi anadhani shauri hilo ni la wenye mji. Jioni orodha ya majina huwekwa jaladani, na huhesabiwa kuwa umma umeshirikishwa.

Sheria haikukusudia hivyo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 174, inataja miongoni mwa makusudio ya ugatuzi kuwapa wananchi uwezo wa kujitawala na kushiriki katika maamuzi yanayowahusu, na kulinda maslahi ya jamii ndogo na zilizotengwa. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti liendeshe shughuli zake kwa uwazi na liwawezeshe wananchi kushiriki. Tulizingatie neno hilo. Kualika ni jambo moja, kuwezesha ni jingine. Anayeita watu saa ambayo hawawezi kuja, na kwa lugha wasiyoielewa, amealika lakini hakuwezesha.

Mahakama nazo zimelisema jambo hili. Mwezi wa Aprili 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya mwaka 2013 ya Kaunti ya Kiambu kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Jaji alieleza kwamba mabunge ya kaunti yanapaswa kuwafikia watu pale wanapokusanyika, akataja makanisa, misikiti, mahekalu, mabaraza na redio, zikiwemo za lugha za kienyeji. Hapa kwetu Pwani, tarehe 26 Juni 2019, jopo la kitaifa la rufaa za mazingira lilifuta leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Lamu. Miongoni mwa sababu zake ni kwamba wakaazi hawakushirikishwa kama sheria inavyotaka. Basi asituambie mtu kwamba maoni ya wananchi ni pambo tu la kutimiza desturi.

Sisi Waislamu hatukufundishwa mashauriano na katiba peke yake. Qur'ani Tukufu ina sura nzima iitwayo Ash-Shura, na humo waumini wanasifiwa kwa kuendesha mambo yao kwa kushauriana. Na katika sira twakumbuka siku ya Hudaybiyya, masahaba walipolemewa na huzuni wakasita kuchinja na kunyoa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimweleza mkewe Ummu Salama yaliyompata, naye akamshauri atoke asiseme na mtu, achinje mnyama wake na anyolewe. Alifanya hivyo, na watu wakamfuata. Rai iliyotatua uzito wa siku ile ilitoka kwa mwanamke, na ilisikizwa.

Kwa hivyo lawama zote tusiitupie kaunti. Mara nyingi kikaoni husikika mzee akisema, "Kina mama wetu wameridhika." Huenda asema kwa nia njema, lakini je, aliwauliza? Anayejua kwamba mfereji hutoa maji usiku wa manane tu ni yule anayekesha kuyakinga. Anayejua kwamba dawa za watoto hukosekana zahanatini ni yule aliyepanga foleni akirudi mikono mitupu. Heshima ya mzee haipungui mwenye jambo akilisema mwenyewe. Na kama hapana budi mzee aseme kwa niaba, basi na atumwe kwanza.

Jambo la pili ni wakati. Wengi wetu huanza kulalamika bajeti ikishapitishwa. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, lakini mizizi yake hupandwa mapema. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bungeni kabla ya tarehe 1 Septemba ya mwaka uliotangulia, waraka wa mkakati wa fedha kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Mwenye kutaka taa katika njia ya madrasa ya wanawe na aseme mwezi wa Agosti. Akingoja Mei, atakuta fedha zimeshagawanywa.

Tufanye nini? Chama cha kina mama, kamati ya msikiti na jumuiya ya wakaazi waweza kuiomba kaunti mambo mepesi: kikao kifanywe baada ya Alasiri katika skuli ya mtaa, muhtasari wa bajeti utolewe kwa Kiswahili, ambacho ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi, pawe na mkalimani wa lugha ya ishara, na mahali pa kina mama kuketi na watoto wao. Tangazo lisomwe baada ya sala ya Ijumaa, lakini lisikomee hapo. Jirani yetu anayesali kanisani, na yule wa hekaluni, wanatumia barabara ile ile na kunywa maji yale yale. Haki tunayojidai nafsi zetu tusiwanyime.

Asiyeweza kuhudhuria na aandike. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inampa mtu yeyote haki ya kuwasilisha ombi mbele ya bunge la kaunti, na inawataka wenye mamlaka walijibu bila kukawia. Ukurasa mmoja watosha: tatizo ni lipi, liko wapi, linawaathiri nani, mwaomba nini. Tieni saini, wekeni nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, kisha fuatilieni. Si kila rai itakubaliwa, kwani mfuko ni mmoja na haja ni nyingi. Lakini aliyetoa rai anastahiki jibu na sababu.

Na nyinyi kina baba, siku ya kikao itakapotangazwa, kaeni na watoto kwa saa mbili ili mama yao aende. Huo nao ni mchango katika bajeti ya kaunti.

Wabillahi tawfiq.