Buti laini hazina hatia, pima ubao wako kwanza

Leo naweka msimbo kando. Aliyekuja kutafuta makala ya hifadhidata avumilie kidogo, ingawa hesabu zitakuwepo.

Nataka kupinga kauli moja ninayoisikia kila mara mazungumzo yanapofika kwenye ubao wa theluji: kwamba ukitaka kukata kona sawasawa kwenye mteremko uliosawazishwa, lazima uvue buti laini uvae buti ngumu. Kauli hii si kweli. Inarudiwa na wakongwe wanaolinda chama chao na wauzaji wanaolinda mauzo yao, na anayeumia ni yule aliyeanza mchezo juzi.

Najua swali linalokuja. Mkenya na theluji wapi na wapi? Jamani, tulishatoka huko. Philip Boit alituwakilisha Nagano mwaka 1998 katika mbio za kilomita 10 za skii, akamaliza wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie akamsubiri kwenye utepe amkumbatie. Sabrina Simader alishuka mlima kwa jina la Kenya kule Pyeongchang mwaka 2018. Mimi si mwanariadha. Nilifanya kazi ya mkataba Innsbruck, Austria, kwa majira matatu ya baridi, na katika mji ule ukikaa ndani Jumamosi watu wanadhani unaumwa. Nilijifunza ubao nikiwa mtu mzima, kwa hela yangu, na nimesikia mahubiri ya buti ngumu hadi nikayakariri.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Ubao wa theluji una makali ya chuma pande zote mbili. Mtu anaweza kugeuka kwa kuburuza, yaani ubao unakwenda mshazari huku ukikwangua theluji na kuacha alama pana kama ya fagio. Au anaweza kugeuka kwa kukata: anaulaza ubao ubavu, makali yanazama, ubao unafuata mkunjo wake wenyewe na kuacha mstari mwembamba kama uliochorwa kwa kalamu. Huo wa pili ndio kaving. Mahali pake ni mteremko ambao mashine zimeusawazisha usiku, na saa yake ni asubuhi na mapema, kabla watu hawajaugeuza shamba la viazi.

Buti laini ndizo zile wanazovaa wengi. Zinakunjika kwenye kifundo cha mguu na hufungwa kwa mikanda. Buti ngumu zina ganda la plastiki kama za skii, nazo hubanwa kwenye bamba kwa vyuma. Ukienda kukodisha vifaa, utapewa laini. Kwa hiyo kila mgeni wa mchezo huu anaanzia hapo, kisha siku anapotamani ule mstari mwembamba anaambiwa: samahani, vifaa vyako vyote ni vya watoto, anza upya. Buti mpya, vifungo vipya, na kwa kawaida ubao mpya pia. Wengi hapo ndipo wanapokata tamaa na kuburuza maisha yao yote. Hilo ndilo linaloniudhi.

Sasa tuje kwenye ushahidi wao. Mfuasi wa buti ngumu atakuambia: mimi nilijaribu kwa buti laini, nikaulaza ubao, makali yakaachia, nikaanguka. Namwamini kabisa kwamba alianguka. Ninachokataa ni sababu anayoitoa. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Chukua buti yenye soli ya sentimita 32. Hiyo si buti ya jitu, ni ya mwanamume wa kawaida mwenye miguu mikubwa kidogo. Iweke juu ya ubao wenye upana wa sentimita 26 pale mguu unapokaa, kifungo kikiwa kimegeuzwa digrii 15. Soli inachukua takriban sentimita 30.9 kuvuka ubao, kwa hiyo sentimita 4.9 ziko nje. Ukizigawa sawa, vidole vimetokeza karibu sentimita 2.5 upande mmoja na kisigino vivyo hivyo upande wa pili. Tuseme soli iko sentimita 3 juu ya makali. Hesabu ya pembetatu, ile ya sekondari, inasema buti itagusa theluji ubao ukifika digrii 51. Na makali yakizama sentimita 1 ndani ya theluji, jambo ambalo ndilo tunalolitaka, kikomo kinashuka hadi digrii 39 hivi.

Unaona kilichotokea? Buti ilitia mguu chini kama stendi ya baiskeli, ikayanyanyua makali kutoka kwenye theluji, na mtu akaenda chini na bega lake. Ulaini wa buti haukuhusika kwa namna yoyote. Soli ya saruji ya urefu uleule ingemwangusha palepale.

Sasa badilisha kitu kimoja tu: upana. Chukua ubao wa sentimita 29 pale mguuni. Buti ileile, digrii 15 zilezile. Kila upande unatokeza chini ya sentimita 1, na kikomo kinapanda hadi digrii 72. Makali yakizama sentimita 1 bado una digrii 64.

Huna hela ya ubao mwingine? Rudi kwenye ule wa kwanza, chukua bisibisi, geuza vifungo vyote viwili vielekee mbele hadi digrii 30. Soli sasa inavuka sentimita 27.7. Kikomo kwa hesabu hiyohiyo ni digrii 74. Buti si mstari, ina mapana yake, kwa hiyo punguza digrii kadhaa kwa kona za soli. Hata hivyo umeruka kutoka mahali ambapo kuanguka ni lazima hadi mahali ambapo wengi wetu hatutafika, na gharama yake ni dakika 10 za kukaza skrubu.

Wenzangu wa tarakilishi wataitambua hali hii. Mteja analalamika kwamba mfumo ni mzito. Anakuja muuzaji, anamshauri anunue seva kubwa mara mbili. Ananunua. Mfumo unabaki mzito, maana tatizo lilikuwa jedwali moja lisilo na faharasa. Buti ngumu, kwa mtu wa kawaida kwenye mteremko uliosawazishwa, mara nyingi ni ile seva. Na zikimsaidia, tazama vizuri zimemsaidia vipi: huvaliwa kwenye ubao mwembamba, vifungo vikiwa vimegeuzwa sana kuelekea mbele, hivyo hakuna soli inayotokeza. Alipewa pembe sahihi, akashukuru plastiki.

Hoja yao ya pili ina uzito zaidi. Wanasema kona iliyokatwa huleta nguvu kubwa ambayo buti laini haiwezi kuihimili. Tupime. Mkunjo wa kona hutokana na mkato wa ubavuni mwa ubao pamoja na kiasi ulichoulaza. Ubao wenye mkato wa nusukipenyo cha mita 10, ukilazwa digrii 60, hukata kona ya takriban mita 5. Ili mwili ubaki na mizani kwenye mlalo huo, kwa hesabu ya uwanja tambarare, unahitaji mwendo wa kilomita 33 kwa saa, na miguu inabeba uzito mara 2 ya kawaida. Mtu wa kilo 80 anahisi kilo 160.

Kilo 160 si mchezo, nakubali. Lakini uliza zinapita wapi. Ukiwa umesimama sawasawa juu ya makali, zinashuka kupitia nyonga, magoti na nyayo, jinsi mzigo unavyoshuka kwa mtu aliyebeba gunia la mahindi mgongoni akiwa amechuchumaa vizuri. Zinazobeba ni mifupa na misuli ya mapaja. Buti hubebeshwa mzigo usio wake pale mwenye buti anapoinamia theluji kwa kiuno, akinyoosha mkono aiguse ili apigwe picha, huku matako yameachwa nyuma. Hapo ndiyo, buti laini itakunjika na makali yataachia. Buti ngumu ingemfichia kosa hilo. Kufichiwa kosa si kufundishwa.

Kama bado unashuku, tazama mashindano ya snowboard cross, yaliyoingia Olimpiki mwaka 2006 kule Torino. Wanashuka wanne au zaidi kwa pamoja, kasi kubwa, kona zilizoinuliwa kingo, barafu mahali pengi, medali ikiwa mbele. Karibu wote wamevaa buti laini. Nani atawaambia kwamba hazishiki? Mmarekani Ryan Knapton anakata kona hadi mwili unakaribia kulala kwenye theluji, kwa buti laini, juu ya ubao mpana kupita kawaida unaotengenezwa na Donek ya Colorado. Filamu fupi za Korua Shapes zimejaa watu wanaofanya hivyo kwenye miteremko ya Ulaya. Japani kuna waendeshaji chungu nzima walioigeuza kazi hii kuwa sanaa, buti zao zikiwa laini.

Nisije nikaambiwa sitendi haki. Kwenye mbio za slalomu sambamba, buti ngumu zilishamaliza ubishi. Ester Ledecká hakuchukua dhahabu ya Pyeongchang mwaka 2018 akiwa amevaa mikanda. Mbao za mbio ni ndefu, nyembamba, ngumu, na tofauti ya sehemu ndogo ya sekunde inalipa. Waswisi Patrice Fivat na Jacques Rilliet nao waliujengea mtindo wa kulala kabisa kwenye theluji jina kubwa, nao ni watu wa buti ngumu. Nawavulia kofia. Nakubali pia kwamba ubao mpana ni mzito kuuhamisha kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na kwamba kwenye barafu tupu buti ngumu hukusamehe zaidi. Ninachokataa ni kugeuza mahitaji ya mwanariadha wa mbio yawe masharti ya kuingilia kwa karani, mwalimu au mwandika programu anayetaka kona 20 safi kabla ya chai ya saa nne.

Na buti laini zina faida ambazo wakongwe hawazitaji. Kifundo cha mguu kinafanya kazi, kwa hiyo mchana mteremko ukishavurugika bado unaweza kushuka bila magoti kupiga kelele. Unatembea nazo hadi kituo cha basi kama binadamu. Ubao mmoja na buti moja vinakutosha siku nzima. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Lakini jambo lenye uzito kuliko yote hayo ni usalama. Anayekata kona hutumia upana wote wa mteremko, na akiifunga kona yake vizuri anaweza hata kurudi juu kidogo. Aliye nyuma yake hatarajii hilo. Kanuni za FIS ziko wazi: kanuni ya 3 inampa anayetoka juu wajibu wa kuchagua njia isiyomhatarisha aliye mbele yake. Basi watu wa skii wanaotupigia kelele kwamba tunaziba njia wazisome tena. Ila kanuni ya 5 nayo ni yetu: anayeanza kushuka au kupandisha mlima lazima aangalie juu na chini kwanza. Haki ya kutogongwa haikusaidii ukiwa kwenye machela. Tazama juu ya bega kabla ya kila kona ya kisigino, na mteremko ukijaa watu, acha, subiri kesho asubuhi.

Ndiyo maana suala la upana linanikera kuliko suala la fedha. Chati nyingi nilizoonyeshwa madukani zilianza na uzito wangu, zikaenda kwenye urefu wa ubao, zikaishia hapo. Muuzaji mmoja nilipomwomba rula alicheka. Mtu mwenye mguu mkubwa akiuziwa ubao mwembamba kisha akaambiwa ajifunze kukata kona, ametegewa mtego. Ataanguka akiwa kwenye mwendo, katikati ya mteremko, watu wakimshukia kutoka juu, halafu ataambiwa kosa ni buti zake.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliye Innsbruck, Zürich, Denver au kokote ulikopelekwa na kazi au masomo, ukiingia dukani beba rula. Pima soli yako, si namba ya kiatu. Pima ubao pale kifungo kinapokaa, si kiunoni tu. Toa hii kwa ile, gawa kwa mbili. Jibu likizidi sentimita 1, geuza vifungo au tafuta ubao mpana zaidi. Na muuzaji akianza kukuelekeza kwenye rafu ya buti ngumu kabla hajakuuliza urefu wa soli yako, mwambie asante, uondoke.