Red Sonja na Mbega

Filamu ya Red Sonja ya 2025, iliyoongozwa na M.J. Bassett, inatokana na mhusika wa katuni za Marvel wa 1973, na bajeti finyu inaonekana: jitu lenye jicho moja linatembea kama halikanyagi ardhi. Lakini Matilda Lutz, anayeigiza Sonja, anashika upanga kwa hasira ya kweli, na hapo filamu inapata nguvu.

Mtazamaji wa Mnazi, chini ya milima ya Usambara, ana haki ya kudai zaidi, kwa kuwa milima hiyo ina shujaa wake.

Mbega, mwindaji wa nguruwe pori, alipanda milima hiyo na mbwa na dawa zake, akaua simba, akatawazwa kuwa mfalme huko Vugha. Abdallah bin Hemedi alikiandika kisa hicho katika kitabu cha Habari za Wakilindi. Wachora katuni wa Tanzania waanze nacho. Mikuki, mbwa na ukungu wa Vugha havihitaji fedha za Hollywood.