"Utazoea" sio kipimo

Wasee, leo naongelea nyonga. Ngoja, usipitishe kidole bado. Najua mnaona kubadilishwa nyonga ni story ya shosho. Lakini ukiwa na selimundu, damu inaweza kukosa kufika vizuri kwenye kichwa cha mfupa wa paja, kile kimpira cha juu kinachozunguka ndani ya nyonga. Kinakufa polepole, kinabonyea, na hapo unaweza kuambiwa uwekewe nyonga bandia hata kabla hujafika miaka 30. Ukivunjika nyonga vibaya kwa ajali ya boda, hali ni hiyo hiyo. Shosho anawekewa kiungo cha kumsindikiza uzeeni. Kijana ndio anaanza nacho maisha: kazi, stage, ngazi za gorofa ya tano zisizo na lifti.

Sasa kinachonikera. Mtu anatoka theatre na mguu mmoja mrefu kuliko mwingine, analalamika, na jibu analopewa ni "utazoea." Ama lile lingine baya zaidi: "Shukuru unatembea."

Wacha niwe fair kidogo. Wengi wetu miguu hailingani kabisa tangu kuzaliwa, na tofauti ya chini ya milimita 10 watu wengi hata hawaihisi. Pia, ukitoka upasuaji misuli imekazwa upya na nyonga imeinama, kwa hivyo mguu unaweza kuonekana mrefu na mifupa iko sawa kabisa. Hiyo mara nyingi inapungua baada ya miezi kadhaa ya mazoezi. Na kuna wakati daktari anaongeza urefu makusudi, kwa sababu kiungo kikilegea, mpira unaweza kuchomoka kwenye kikombe. Sawa. Lakini utajuaje yako ni ipi kati ya hizo kama hakuna aliyepima? "Utazoea" ya mtu aliyepima ni ushauri. Bila kipimo ni kukufukuza tu kwa heshima.

Binamu yangu aliambiwa hivyo hivyo. Tofauti yake ni kama sentimita 2. Kila kiatu anachonunua lazima kwanza kipitie kwa fundi pale nje ya soko, aongezewe soli upande mmoja. Sandals amesahau. Mgongo unauma, anachechemea, na kwa matatu makanga anamwambia, "Madam, harakisha." Hospitali ilimpa bili iliyohesabu mpaka glavu. Milimita za mguu wake hazikuandikwa popote.

Na si ati teknolojia ya kupima haipo. Nyonga bandia za kisasa zilishika kasi na John Charnley pale Wrightington, Uingereza, mwaka wa 1962: kichwa cha chuma, kikombe cha plastiki. Kutoka hapo, njia ya kawaida ya kulinganisha miguu imekuwa kupanga kwa eksirei kabla, halafu mgonjwa akiwa amelala daktari anashika magoti na visigino vilivyofunikwa shuka na kukadiria. Daktari mzoefu mkono wake unajua mengi, sibishani. Lakini mgonjwa akiinama kidogo tu mezani, mkono unadanganywa.

Miaka ya 1990, Pittsburgh ikiwa miongoni mwa miji iliyotangulia, kompyuta ikaanza kuingia theatre kuongoza upasuaji wa nyonga. Vipini vidogo vinafungwa kwenye mfupa wa nyonga, na alama nyingine kwenye paja, zote zikiwa na vitu vinavyoakisi mwanga. Kamera ya infraredi inavisoma. Kabla nyonga ya zamani haijatolewa, kompyuta inarekodi paja lilikuwa wapi. Kiungo cha majaribio kikiingia, inamwambia daktari: umeongeza milimita 12. Hapo bado hajafunga kidonda. Anaweza kubadilisha kichwa, maana vinakuja na urefu tofauti, apime tena. Ni kama fundi suruali kukuambia uvae kabla hajashona pindo la mwisho.

Najua kuna mtu atakuja na "kompyuta sio dawa." Kweli. Inaongeza muda na gharama, vile vipini vyenyewe ni matundu kwenye mfupa, na ukiiwekea lengo baya itakufikisha pabaya kwa usahihi mkubwa. Utafiti pia umekuwa mgumu kuonyesha kwamba miaka baadaye wagonjwa wa kompyuta wanatembea vizuri kuliko wengine. Kinachoonekana ni kwamba kikombe kinakaa karibu zaidi na kilipopangwa, na wale wa kutoka mbali kabisa na lengo wanapungua. Wengine wanasema basi haina maana. Manze, mimi nawajali hao wa mbali! Wastani wa wagonjwa 100 haupeleki kiatu kwa fundi. Ni yule mmoja.

Lakini pia sitaki hospitali ianze kuweka picha ya mashine kwenye bango, ipandishe bei, halafu bado isikuonyeshe namba. Mashine bila namba ni mapambo. Na hospitali isiyo na mashine haina kisingizio: kuna njia ya kipini na rula ndani ya theatre, kuna eksirei palepale mezani, na tepu ya kupima kutoka mfupa wa mbele wa nyonga mpaka kifundo cha ndani cha mguu ni bei ya soda.

Kwa hivyo ukienda kliniki na mamako, ama ukienda mwenyewe, uliza kabla ya kusaini. Daktari, miguu yangu inatofautiana milimita ngapi leo? Unalenga ngapi? Utapima vipi tukiwa ndani? Kama utaongeza urefu ili kiungo kisichomoke, niambie sasa, tukubaliane. Baada ya upasuaji, namba iandikwe kwenye faili. Na mguu ukionekana mrefu, omba upimwe umesimama, ukiwekewa vibao chini ya mguu mfupi mpaka nyonga ilingane. Ganzi ama unyayo kushindwa kuinuka usingojee kliniki ijayo, rudi siku hiyo hiyo, kwa sababu mguu ukivutwa sana neva nayo inavutika.

Akikasirika umeuliza, tafuta mwingine kama unaweza. Kama huwezi, uliza tena.