Mti wa Ukoo Usio na Mama

Ramadhani iliyopita, usiku, mtu mmoja wa ukoo wetu alifuta kisanduku. Nilikuwa nimekijaza mwenyewe alasiri ile: jina moja tu, bila ubini, bila tarehe ya kuzaliwa, na chini yake nikaandika, "Alizaliwa bara, akafikishwa Pangani akiwa mtoto." Nilipofungua programu baada ya tarawehe, hakuwepo. Mzee wetu mkuu alibaki peke yake juu ya mti, na watoto sita chini yake, utadhani aliwazaa yeye.

Nilisema nisubiri hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa.

Kundi letu la WhatsApp lina watu mia na ushei, kuanzia Tanga na Dar es Salaam mpaka Muscat na Leicester. Miaka miwili iliyopita ami yangu mmoja, mtu mwema kabisa, ndiye aliyenilipia ada ya kidato cha tano, alifungua mti wa ukoo kwenye programu ya simu na kuturuhusu wote tujaze. Tulijaza kwa furaha. Watu waliokuwa hawasalimiani tangu mirathi ya shamba la minazi walianza kutumiana picha za harusi za mwaka 1968. Nakiri nilipenda. Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na ilikuwa mara ya kwanza ndugu zangu kuniuliza kitu kuhusu kazi yangu badala ya kuniuliza nitaolewa lini.

Halafu ukaja Uajemi. Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa DNA ya watu 80 wa kale, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani yetu kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi. Ndani ya miili hiyo kulikuwa na damu ya Afrika na damu ya Asia, na sehemu kubwa ya hiyo ya Asia ilitoka Uajemi. Kundi likalipuka. "Sayansi imethibitisha! Sisi Washirazi!" Ami akabandika picha ya jahazi.

Nikauliza nani kaisoma makala yenyewe. Kimya. Mimi nimeisoma. Inasema mchanganyiko ulianza kama miaka elfu moja iliyopita, na kwamba waliotoka Uajemi walikuwa zaidi wanaume, na waliowapokea na kuzaa nao walikuwa wanawake wa Kiafrika. Zaidi ya nusu ya urithi wa wengi kati ya marehemu wale ulitoka kwa wanawake hao. Yaani utafiti uleule tunaoupigia vigelegele unatuambia tuna bibi. Sisi tukaona babu tu.

Na hata hao babu tunawahesabu kwa uchoyo. Nasaba iliyotundikwa sebuleni kwa ami, ndani ya fremu ya dhahabu, ina majina kumi: fulani bin fulani bin fulani. Piga hesabu. Una wazazi 2, mababu na mabibi 4, wazazi wao 8, na ukifika kizazi cha kumi una nafasi 1,024 za kujaza. Ukizijumlisha zote kuanzia baba na mama yako, ni 2,046. Fremu ya dhahabu ina watu 10. Wengine wote wako wapi?

Binamu yetu wa Leicester alidhani mashine itamjibu. Akatema mate kwenye kichupa, akayatuma maabara, akalipa pauni zake. Majibu yalipokuja, sehemu kubwa kabisa ilikuwa Afrika, imegawanywa kwenye makapu mawili matatu yenye majina mapana kama ramani ya darasa la nne. Ami akasema mashine ina makosa. Binamu akasema yeye sasa ni Mkongo. Wote wawili walikosea, na hapa nataka vijana wenzangu mnisikilize, maana ndio tunaovinunua hivyo vichupa. Maabara haina ramani ya zamani. Inachukua chembe zako na kuzilinganisha na za watu wanaoishi leo ambao imewahi kuwapima, kisha inakwambia unafanana na nani kati yao. Watu wa kwetu waliopimwa ni wachache. Ukitiwa kwenye kapu la Kongo, maana yake kapu la kwenu halijashonwa. (Na mate yakishatoka hayarudi. Mwaka 2023 taarifa za watu kama milioni 6.9 wa kampuni ya 23andMe ziliibwa, na Machi 2025 kampuni ikaomba hifadhi ya mahakama kwa kufilisika. Binamu akipimwa, nami nimepimwa nusunusu, na hakuna aliyeniuliza.)

Basi nikafanya kitu ambacho hakikunigharimu hata shilingi. Nikapanda basi la Tanga, nikafika Pangani, nikamshika bibi miguu, nikaweka simu juu ya mkeka na kubonyeza kitufe cha kurekodi.

Bibi yangu alizaliwa wakati wa vita vya Hitler. Yeye na marehemu babu ni watoto wa ndugu: mama yake bibi na baba yake babu ni tumbo moja. Nilimuuliza, tumbo la nani? Alikaa kimya mpaka nikadhani hakusikia. Kisha akasema, "La bibi yangu. Huyo hamjamwandika."

Akanisimulia. Alikuwa msichana mdogo alipofika Pangani na msafara, ule mji wa mashamba ya miwa na meno ya tembo. Mwaka hakuujua, alijua maji. Alikuwa akisema kwao kuna maji yasiyo na chumvi na ng'ambo huioni. Alinunuliwa, akapewa jina la kitumwa, akakulia jikoni, kisha mzee wetu mkuu akamfanya suria na akamzalia watoto sita. Watoto hao sita ndio sisi. Mpaka anakufa hakula pweza. "Akimwona anageuza uso, anasema huyo ni mdudu," bibi akacheka, akafuta macho kwa ncha ya kanga. Yeye alikuwa na miaka kumi hivi walipomzika. Usiku mmoja kabla ya hapo, mwanamke huyo alimwita mjukuu wake kitandani na kumtajia jina alilopewa na mama yake, kule kwenye maji.

Ndilo nililoliandika kwenye kisanduku. Jina hilo lilivuka nyika na soko, likavuka jikoni kwa watu, likakaa miaka zaidi ya sabini kifuani kwa bibi yangu. Dole gumba likalifuta.

Nilimpigia ami. Shikamoo, marahaba. Hakukana. "Mwanangu, yaliyopita si ndwele. Watu wa Muscat wanausoma mti huu. Kuna watoto wanataka kuoa. Tunamfanyia sitara marehemu."

Ami, nakuheshimu, lakini neno hilo umelitumia vibaya. Anayesitiriwa ni mwenye aibu. Mtoto aliyeibwa kwao ana aibu gani? Kama kuna mtu wa kusitiriwa katika habari hii ni yule aliyemnunua, naye mmemtundika juu kabisa kwa herufi kubwa.

Wala msiniletee dini. Mtoto wa suria ni huru tangu azaliwe na nasaba yake ni kamili, na mama yake haruhusiwi kuuzwa, na bwana akifa naye anakuwa huru. Hayo yamo katika fiqhi mlizotusomesha chuoni. Sayyid Barghash alikuwa mwana wa suria wa Kihabeshi, akakaa kitini. Sayyida Salme alikuwa binti wa suria, akamtaja mama yake waziwazi katika kitabu chake kilichotoka 1886. Kuona haya kumetoka kwetu.

Tena haya yenyewe mnayaita ya kale mno. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, lakini hapa Tanganyika utumwa ulibaki na hadhi ya kisheria hadi 1922. Alikuwa na wajukuu.

Na hesabu, kwa wapenda hesabu. Kwa kuwa bibi na babu wote ni wajukuu zake, anatokea mara mbili katika wale kumi na sita wa kizazi cha nne changu. Programu ilishtuka, ikaniuliza kama nina hakika. Nina hakika. Kwa wastani moja ya nane ya chembe zangu ni zake, sawasawa na za yule mzee wa fremu ya dhahabu. Nanyi pia, kila mtu anayemdai mzee huyo kwa watoto sita wale. Kila tone lake mnalojivunia limekuja na tone la yule mnayemfuta.

Jina lake sitaliandika hapa. Bibi alinipa kwa sharti: liingie kwanza kwenye mti wa ukoo wake, lisomwe na wanawe, ndipo liende kwa wageni. Nimelijaza mara tatu na limefutwa mara tatu.

Jana asubuhi, kwa ruhusa yake, nilituma sauti yake kwenye kundi. Dakika nne na sekunde kumi; mbele ya mwisho kuna jogoo anawika na bibi anamfukuza. Kisha anataja jina, mara mbili, polepole, kama anayemfundisha mtoto. Watu themanini na saba wameisikiliza. Ami naye kaisikiliza, hajajibu. Shangazi mmoja wa Muscat, ambaye sijawahi kumwona, kaandika mstari mmoja: mama yake naye alikuwa hali pweza, na hakuwahi kuwaambia kwa nini.

Kisanduku nimekijaza tena jana usiku. Mpaka naandika haya, kipo.